Rukaya na Mashine ya Mume Wangu

Usiku ule sikulala, na sikutaka watoto wajue kwamba silali. Nilimpanga Rhobi na wadogo zake kwenye mkeka, nikapunguza utambi wa koroboi mpaka moto ukawa kama punje ya mtama, nikakaa karibu na mlango nikisikiliza barabara. Mama mkwe wangu, Gati, alikuwa amejilaza kitandani na macho ameyafumba, lakini nilijua yuko macho kama mimi. Akilala kweli hukoroma.

Jioni ile, kabla king'ora cha kubadilishana zamu hakijalia, mkono wa mume wangu ulikuwa umeingia kwenye mashine. Wangwe aliendesha mashine ya nne katika kinu cha pamba cha ushirika, pale bondeni chini ya barabara inayotoka Mugumu. Sisi tuliokaa kota tulizoea ngurumo ya zile mashine kama watu wa mtoni wanavyozoea maji. Ziliponyamaza zote kwa pamoja, kila mwanamke alitoka nje, maana hazinyamazi namna hiyo ila kwa jambo baya. Nilipofika langoni, lori lilikuwa limeshageuzwa kuelekea hospitali ya Musoma. Wangwe amelazwa juu ya magunia. Nikataka kupanda. Rukaya, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, alikuwa ameshapanda zamani, ameushika ule mkono alioufunga kwa kanga yake, akaniambia nibaki na watoto. Dereva akaondoa gari. Nikabaki na vumbi.

Hilo ndilo lililonikesha, si damu peke yake. Mume ni wangu, na aliyempeleka ni mwanamke mwingine. Kila nilipojiambia kwamba ni kazi ya katibu, moyo uliniuliza ni chama gani hicho kinachomjua mume wa mtu kuliko mkewe.

Rukaya alirudi na lori lile lile alfajiri. Alipiga hodi kwa sauti ndogo, nikamfungulia. Hakukaa. Alisema Wangwe yu hai, vidole viwili vimekwenda, cha tatu madaktari wanakiangalia, atabaki huko kwa muda. Nilimpa maji kwenye kikombe. Kabla hajanywa, akasema, "Mashine yake haitalala bila mtu. Leo asubuhi nitasimama mimi."

Nilimtazama. Mtu ametoka kuona damu usiku kucha, hajanywa hata maji, na la kwanza kulisema ni mashine.

Wanaomsifu Rukaya ni wengi, nao waseme yao. Mimi nasema nilichokiona.

Alikuwa binti wa Abdurahmani, mshona viatu wa Mugumu, mzee aliyetoka pwani zamani akaoa mwanamke wa Kiikoma na hakurudi tena kwao. Kwa hiyo Rukaya alikuwa na Kiikoma cha mama yake, Kiswahili cha baba yake, na Kikurya cha kutosha kujibu matusi sokoni. Kazi yake pale kinuni ilikuwa ya kuchagua pamba, pamoja na wanawake wengine waliokaa chini bandani wakitoa majani na uchafu. Alipanga chumba mjini na kila siku alikuja kwa miguu, viatu mkononi. Akifika langoni anapangusa miguu, anavaa viatu, anaingia kama mgeni wa ofisi.

Mwili wake ulikuwa mwembamba, na hakuwa na haraka. Alikula amesimama. Mbele ya meneja alisimama mikono nyuma, akimtazama usoni, na hilo peke yake liliwafanya watu wamchague kuwa katibu, kwa sababu sisi wengine tukisema na meneja tulikuwa tunasema na viatu vyake. Jirani yangu Bernadetha alipojifungua mtoto akafa, na meneja akaandika kwamba amekuwa mtoro, Rukaya aliwaambia wanawake wa bandani wakae tu juu ya pamba wasiguse kitu. Walikaa tangu asubuhi. Mchana Bernadetha akarudishwa kazini.

Tangu hapo Bernadetha hakutaka kusikia neno baya juu yake. Ndiye aliyeniambia kwamba Rukaya aliwahi kuolewa na mtu aitwaye Shaaban, aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge huko mbali, akafa kazini, na mjane akatolewa nyumbani kabla matanga hayajaisha. Mwingine alinihakikishia kwamba Shaaban yu hai na ana mke mpya. Wa tatu aliniambia Shaaban hajawahi kuwapo. Siku moja nilimwuliza mwenyewe. Alicheka, akasema, "Mama Rhobi, chagua unayoipenda."

Sikupenda hata moja. Mtu ambaye maisha yake yana njia tatu, utajuaje kesho atapita ipi?

Sasa lazima nieleze habari ya nyumba, maana bila nyumba yote haya yasingenisumbua hivyo. Nyumba za kota zilifuata mashine. Anayesimama kwenye mashine ndiye anayelala ndani. Mashine ikikosa mtu, ofisi inaweka mwingine, na huyo mwingine anakuja na kitanda chake. Kufuli zilikuwa za ofisi. Mtu akiondoka, ofisi inatundika kufuli yake kwenye mlango, na hapo hata ungekuwa umezaa watoto wote ndani ya chumba kile, huna neno.

Na sisi hatukuwa na pa kwenda. Mji wetu wa Mbalibali tulikuwa tumeuacha mwaka uliotangulia, watu walipohamia katika vijiji vipya. Kiwanja tulipewa, kizuri tu, kimenyooka, lakini juu yake kulikuwa na vigingi na majani. Wangwe alisema atajenga baada ya msimu wa pamba. Mvua zilikuwa zimetutupa, watu walikuwa wanapanga foleni ya unga wa njano, na Gati ndiyo hivyo alikuwa amekuja kukaa nasi katika vyumba viwili vya kota, na vyungu vyake, na mbegu yake ya wimbi aliyoilalia kichwani kama mto.

Watu wote walijua kwamba meneja ana shemeji. Kijana mmoja mnene kutoka upande wa Tarime, alikuwa akikaa kwa meneja tangu pamba ianze kuingia, akizunguka kinuni na kuangalia mashine kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Siku ya pili baada ya ajali alipita mbele ya mlango wangu, akanisalimia vizuri, akauliza kama paa linavuja. Nilimwambia linavuja sana. Halikuwa linavuja.

Basi hivi ndivyo tawi lilivyofanya. Hawakuacha mashine ya nne ikae. Asubuhi alisimama Rukaya, kisha akienda bandani kwenye kazi yake anaingia Ryoba, mpakiaji wa marobota, kisha mwingine, kisha mwingine, kila mtu akitoa kipande cha mapumziko yake au cha usingizi wake. Nyapara akija kuandika, mashine inazunguka, pamba inatoka, mbegu zinashuka. Hakuna pengo la kumwekea mtu. Hilo waliliita kumshikia Wangwe mahali.

Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Nilisimama nje ya seng'enge na ndoo kichwani, kama mtu anayepita kwenda kisimani. Rukaya alikuwa amevaa ovaroli ya mume wangu, ile yenye kiraka nilichokishona mimi mgongoni, amekunja mikono yake mara nyingi na kujifunga kanga kiunoni. Alilisha pamba kwa viganja vilivyo wazi, akirudisha vidole nyuma kabla rola hazijavila. Siku ya kwanza alikwenda polepole. Nilipopita tena baadaye katika wiki ile, alikuwa anakwenda kama Wangwe. Ndipo nilipoogopa zaidi. Mtu anayekushikia kitu kwa nini ajifunze kukishika vizuri hivyo?

Nilimweleza Gati. Yeye alikuwa anapepeta, hakunyanyua kichwa. Kwetu Wakurya kuna kazi ya risaga, majirani wanapokuja kulima shamba la mwenzao, naye mwenye shamba amewaita na amewapikia pombe. Wakimaliza wanakunywa, na kazi imekwisha, hakuna anayedai. Gati alisema hiyo ndiyo njia ya watu. "Lakini mtu akija kulima shamba lako hukumwita," akasema, "na pombe yako hakunywa, huyo hakusaidii. Huyo analitaka shamba."

Nilimwambia kinu si shamba. Akaniuliza kama watu wanaofanya kazi mle si watu.

Kusema kweli maneno yale yaliingia mahali palipokuwa pameshafunguliwa. Gati akafungua ile mbegu yake. Kwa siku kadhaa nyumba ilinuka kimea, akaloweka, akaanika nyuma ya kota, akasaga, akapika. Bernadetha alipita akanusa, akauliza kama kuna harusi. Nilimwambia ni uji wa mama. Alinitazama kwa muda, akaenda zake. Nilijiuliza kama atakwenda kumwambia Rukaya.

Siku pombe ilipokuwa tayari, Gati aliibeba kwenye chungu mpaka langoni, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, kata mkononi, akangoja king'ora. Mimi nilisimama nyuma yake. Watu walipotoka walimwamkia shikamoo, wakaona chungu, nyuso zikafunguka. Ryoba alikuwa wa kwanza kuchuchumaa. Alisema wengine wamelima mpaka ulimi umekauka kama ngozi ya mbuzi, watu wakacheka. Gati akampiga mkononi kwa ile kata.

"Mura, ngoja. Aliyeongoza ndiye anaanza."

Akachota, akamnyooshea Rukaya, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatoka, viatu tayari mkononi.

"Shikamoo, mama," Rukaya akasema. "Unajua sisi hatunywi."

"Sikuulizi kwenu mnakunywa nini. Umelima kwangu. Kunywa, nijue umemaliza."

Kicheko kikaisha. Wakurya waliokuwapo walielewa, na wale wasio Wakurya waliwatazama Wakurya. Mimi nilikuwa namtazama yeye tu. Niliona kwamba ameelewa vizuri kabisa. Alipokea kata kwa mikono miwili, kwa heshima, harufu ikampanda akageuza uso kidogo. Nikasema moyoni, sasa tutakujua. Kisha akamgeukia Ryoba.

"Wewe Ryoba, siku zote hizi unasimama mahali pa Wangwe. Leo simama mahali pangu."

Akampa. Ryoba alimtazama Gati, akaitazama kata, akanywa yote kwa mara moja. Watu wakapiga makofi. Wengi walisema baadaye kwamba lilikuwa jambo la akili, na hata mimi niliona ni la akili, na hilo ndilo lililonikera. Gati hakupiga makofi. Alisema kwa Kikurya, kwa sauti ya mtu anayeongea na chungu chake, kwamba mkono unaazimwa lakini mdomo hauazimwi.

Wengine walikuwa wameanza kunywa wakati gari la ofisi liliposimama. Meneja akashuka. Alikitazama chungu, akamtazama kila mmoja aliyeshika kata, akasema, "Kumbe hii ndiyo siasa yenu ya kujitegemea."

Akauliza pombe ni ya nani. Gati hakuwa anakielewa vizuri Kiswahili cha ofisi, lakini alielewa swali, nikaona anajiandaa kuinuka. Kama angesema ni yake, meneja angepata alichokuwa anakitafuta, kwamba nyumba ya Wangwe imegeuka kilabu. Nilimshika bega. Rukaya akapiga hatua mbele, akasimama baina ya meneja na chungu.

"Ilikuja kwangu," akasema.

Meneja alicheka sana. "Kwako, binti Abdurahmani? Ijumaa msikitini watasema nini?"

Walisema. Kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imefika mjini kwamba katibu anapika pombe na kuwanywesha wafanyakazi langoni. Mama yake mdogo, Maua, aliyekuwa na duka dogo la vitambaa, alikaa siku kadhaa bila kuitikia salamu yake. Bernadetha alilia aliponisimulia, akiniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepika. Mimi nilikuwa na swali jingine. Mtu akitoa jina lake kwa ajili yako, hivi hivi, bila kuombwa, atakuja kuchukua nini mahali pake?

Jibu lilikuja mapema. Siku moja tu baada ya pombe ile, meneja alikusanya watu wote uani. Tulisimama nje ya seng'enge, wanawake wa kota, tukasikia. Alisema zile zamu za kubebana zimeleta ulevi na mwisho wake ni leo. Mashine ya nne itakuwa na mtu mmoja tu, anayejulikana, mpaka msimu uishe. Kisha akasema tawi limekuwa likimsingizia kwamba anapendelea ndugu zake, kwa hiyo hampi ndugu yake. Anampa katibu mwenyewe. "Na akikataa," akasema, "nitampa yeyote anayetaka. Msije mkalalamika."

Lilikuwa jambo la mtego na kila mtu aliliona. Ilikuwa imeshazoeleka kwamba katibu hachukui kitu cha mwanachama mwenzake. Meneja alijua atakataa. Tawi lote lilijua atakataa. Shemeji alikuwa ameegemea mlango wa ofisi, amevaa shati safi, akingoja akatae.

Rukaya alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya.

"Nachukua," akasema.

Ryoba alitema mate chini, akaondoka bila kungoja mkutano ufungwe. Wanawake wa bandani, wale waliokaa juu ya pamba kwa amri yake, walimfungulia njia bila kumgusa. Shemeji aliacha kuegemea. Na meneja, baada ya kushtuka kidogo, alitabasamu, kwa sababu aliona kwamba hata hivi amefaidi: tawi limepasuka, na aliyelipasua ni katibu.

Nilikwenda nyumbani kumwambia Gati. Alisema, "Nilikuambia analitaka shamba," akaendelea na kazi yake.

Sasa mambo yalikuwa wazi kwangu. Mashine ni yake, na nyumba inafuata mashine. Dereva wa lori alikuwa ameleta habari kwamba Wangwe ataruhusiwa wiki itakayofuata, kwamba anakula vizuri, anauliza watoto. Alikuwa hajui kitu. Niliona picha yake akishuka garini na mkono umefungwa, akija moja kwa moja kwenye mlango huu, akute kufuli.

Jumamosi mchana Bernadetha alikuja mbio. Aliniambia Rukaya ameitwa ofisini na amepewa kufuli ya nyumba yetu, yeye mwenyewe ameiona mkononi mwake. Nilimwuliza kama aliikataa. Mwanamke aliyekuwa hataki kusikia neno baya juu ya Rukaya, siku hiyo hakuwa na neno zuri la kunipa.

Niliwaingiza watoto ndani, nikamwingiza Gati, nikafunga mlango na kuuegemeza mchi wa kutwangia, kichwa chake chini ya komeo na mguu wake kwenye tundu la sakafu. Dirisha letu lilikuwa la mbao, lenye ufa. Nikaweka jicho.

Rukaya alikuja kwa mwendo wake ule ule, ovaroli ya Wangwe mwilini, kufuli ikining'inia kwenye kidole. Na nyuma yake alikuja shemeji wa meneja, anasukuma baiskeli, na juu ya baiskeli godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya mpira. Kumbe walikuwa pamoja. Yeye achukue mashine, mwingine achukue nyumba, ndivyo nilivyoifunga ile hesabu kwa haraka, na kila kitu kilikaa mahali pake: lori, ovaroli, kata, jina lililotolewa bure.

Alifika mlangoni. Hakupiga hodi. Nilisikia komeo la nje likisogezwa, kisha kufuli ikaingia na kulia, chuma kwa chuma. Alikuwa ametufungia.

Shemeji alisimamisha baiskeli. Alimwambia kwa upole wa mtu ambaye mambo yake yameshakwisha, "Bi Rukaya, wewe una chumba mjini. Nipe ufunguo nikupunguzie mzigo."

"Nyumba ni ya mashine," Rukaya akasema. "Mashine ni yangu. Shemeji yako ndiye aliyesema, mbele ya watu."

"Lakini wewe hutalala humu."

"Nitalala nikitaka."

"Na hao waliomo?"

"Hao ni wageni wangu."

Neno hilo lilinichoma kuliko kufuli. Wageni, mimi, na watoto wangu, na mama wa Wangwe. Gati aliyekuwa kitandani akauliza amesemaje, nikamwambia hajasema kitu.

Shemeji alianza kupandisha sauti. Alisema ni mpango wa meneja, kwamba Rukaya ameelewana na ofisi, asijifanye hajui. Hilo nalo nililisikia na kuliweka. Kama ni uongo, aliutoa wapi haraka vile? Rukaya aligeuka akaegemea kati ya mlango na dirisha, mgongo wake ukafunika ule ufa wa mbao, nikabaki naona kipande cha ovaroli na uzi wangu.

Kisha nilisikia miguu. Nikahamia upande mwingine wa dirisha. Watu wa zamu ya mchana walikuwa wanapanda kutoka kinuni, Ryoba mbele, vumbi la pamba nyweleni mwao kama wazee. Nilidhani wanakuja kumsomea Rukaya makosa yake. Tangu ule mkutano hakuna aliyekuwa akimsalimia. Hawakumsalimia hata hapo. Walisimama tu kwenye uwanja wa kota, mmoja hapa mmoja pale, mikono mifukoni, wakitazama kufuli, wakimtazama mwenye godoro. Ryoba aliuliza kama baiskeli imepata pancha, maana imesimama mahali pasipo na fundi. Hakuna aliyecheka. Shemeji akatazama huku na huku. Akakaza kamba ya godoro ambayo haikuwa imelegea, akageuza baiskeli, akashuka nayo kuelekea kwa meneja, na watu wakampisha kwa adabu zote.

Hata baada ya hapo hawakusema na Rukaya. Waliondoka kama walivyokuja. Ryoba alibaki kidogo, akawa kama anataka kusema jambo, akajikuna shingo, akafuata wenzake.

Nilisogea mlangoni.

"Bi Rukaya."

"Nipo."

"Nipe huo ufunguo dirishani."

"Sikupi, Mama Rhobi. Nikikupa, Jumatatu ofisi itasema mwenye mashine hana nyumba, na atakayewekwa atawekwa kihalali. Leo wanaweza kurudi. Asubuhi nitakuja kufungua mwende kisimani. Wangwe akifika nitampa yeye, mkononi."

"Mkono upi?"

Nilijua nimempiga mahali.

"Ule mzima," akasema.

"Na mashine?"

Nilingoja aseme atairudisha. Ni neno jepesi, mtu yeyote angelisema, hata mwongo angelisema, na hasa mwongo. Yeye alisema, "Akiweza kusimama, atanikuta nimesimama."

Nililigeuza neno lile huku na huku. Lilikuwa na pande mbili, au mimi ndiye niliyekuwa nazo. Gati aliniita kutoka kitandani, akasema sasa niondoe mchi, kwa kuwa nje kumeshafungwa, mchi unafanya kazi gani tena? Watoto walikuwa wananitazama.

Niliinama nikaushika. Ulikuwa umeteleza kidogo kwenye lile tundu. Nikausukuma mguu wake ukakaa vizuri, nikaujaribu kwa bega, haukutikisika. Yeye alikuwa amefunga kwa nje, nami nikafunga kwa ndani. Nikakaa chini, mgongo kwenye mbao, nikingoja kusikia miguu yake ikiondoka. Upande wa pili wa mbao zile zile, nilimsikia naye anakaa.